Kikizimika, Itakuwaje? Kuchagua GPS ya Lami, Vumbi na Mlima

Ingia duka lolote la vifaa vya magari pale Kariakoo useme unatafuta GPS. Muuzaji atakujibu kwa swali: "Ya kufunga kwenye gari, bosi?" Anamaanisha kile kiboksi kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi ili tajiri, akiwa amekaa kwake, aone kwenye simu gari lake limelala wapi. Mabasi ya mikoani nayo yana chake, VTS, kinachoipelekea LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, habari za mwendo wa dereva. Kwa lugha ya mtaani, basi, GPS ni mpelelezi: inamwambia mtu mwingine ulipo. Ile inayokuambia wewe mwenyewe ulipo na upite wapi, ambayo ndiyo mada ya makala haya, wengi tunaijua kama simu tu.

Na kwa wengi simu inatosha. Ugumu huanza mtu anapokuwa na safari tatu ndani ya moja. Chukua familia au marafiki wa Dar es Salaam waliopata likizo ya wiki moja. Wanakwenda Arusha kwa lami, zaidi ya kilomita 600. Kutoka Mto wa Mbu wanakata kaskazini kwa vumbi na mawe hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Halafu usiku wanaanza kupanda kwa miguu Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano iliyo hai wenye kimo cha mita 2,962. Watu ni walewale na nchi ni ileile, lakini kifaa kilichowafaa Chalinze kinaweza kuwaangusha Lengai.

Wanunuzi wengi huuliza ni kifaa gani kilicho sahihi kuliko vingine. Swali hilo lilikuwa na uzito miaka ya nyuma. Leo linalomsaidia mnunuzi ni jingine: kikizimika, itakuwaje? Kwenye lami utasimama kituo cha mafuta na kuuliza, na kuuliza si ujinga. Porini unaweza kulala ndani ya gari. Mlimani usiku, ukungu ukiwa umeshuka, kosa linaweza kukosa marekebisho. Gharama ya kosa ndiyo inayopaswa kupanga gharama ya kifaa.

Anga ni moja kwa wote

GPS ni mfumo wa Marekani. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa na mahali ilipo. Kifaa chako hakizitumii chochote. Kinasikiliza tu, kama redio ya mbao ya babu. Kinapima mawimbi yametumia muda gani kufika, na kikizisikia setilaiti nne au zaidi kinakokotoa mahali kilipo. Saa ndiyo roho ya mfumo: katika sehemu moja ya milioni ya sekunde mawimbi hukimbia karibu mita 300, kwa hiyo kosa dogo la muda huwa kosa kubwa ardhini.

Kwa kuwa kifaa kinasikiliza tu, ile imani kwamba bila bando GPS haishiki haina msingi. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa na habari za foleni. Mtandao wa simu husaidia pia kuharakisha mwanzo: bila msaada wake, simu iliyozimwa siku nyingi au iliyosafirishwa mbali huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua ilipo. Lakini itajua. Pakua ramani, zima data, toka nje utembee, uone kidoti cha buluu kikikufuata.

Usahihi nao umeacha kuwa kitu cha matajiri. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kosa likifika mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru mchezo huo ukome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 vifaa vilivyokuwa tayari mikononi mwa watu vikaongezeka usahihi bila kuguswa na fundi. Sasa ziko pia angani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya, na BeiDou ya China iliyokamilika mwaka 2020. Simu nyingi za leo husikiliza mifumo kadhaa kwa mpigo, na mahali palipo wazi hukosea kwa mita chache tu. Kifaa cha mkononi cha bei ya juu hakina anga yake ya peke yake.

Kuna maneno mawili kwenye maboksi yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni WAAS au EGNOS. Hii ni mifumo ya kusahihisha GPS kwa msaada wa vituo vya ardhini. WAAS imejengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na EGNOS kwa ajili ya Ulaya. Afrika Mashariki haihudumiwi na wowote kati ya hiyo, kwa hiyo usiongeze hata shilingi kwa sababu ya neno hilo. La pili lina maana: masafa mawili, ambayo huandikwa L1 na L5. Kifaa cha namna hii hupokea mawimbi ya aina mbili kutoka setilaiti moja, hivyo hupambana vizuri zaidi na mawimbi yaliyogonga ukuta wa ghorofa au gema la mlima kabla ya kukufikia. Pia husaidia kukadiria namna tabaka la juu la anga linavyoyachelewesha mawimbi, jambo linalotuhusu sisi tulio karibu na ikweta, ambako tabaka hilo huchafuka baada ya jua kutua, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018 ilikuwa simu ya kwanza kuwa na uwezo huo, na tangu hapo umeshuka hadi kwenye simu nyingi za bei ya kati.

Kama anga ni moja, vifaa vinatofautiana wapi? Katika mambo manne: ramani iliyomo, umeme unaokiendesha, kioo chake, na jinsi mkono wako utakavyokitumia ukiwa na jasho, vumbi au glovu. Safari yetu itayapima yote manne.

Lami: Dar es Salaam hadi Arusha

Tuanze na ramani, na kwa hili tuna mwalimu ambaye wengi tumewahi kukaa naye. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa ni ya mitumba kutoka Japani, na mengi huja na kioo cha ramani kwenye dashibodi. Ukiwasha gari, mwanamke anakusalimu kwa Kijapani kwa adabu zote. Antena ya GPS ipo, ni nzima, na inasikia setilaiti zilezile za simu yako. Ila ramani iliyomo ni ya Japani. Utaendesha kutoka Ubungo hadi Chalinze huku mshale ukielea kwenye kioo kitupu, mpaka siku fundi atakapoking'oa na kukufungia redio ya Android. Kifaa kile hakijaharibika. Kinachokosekana ni nchi yako ndani yake.

Kosa hilohilo huwapata wanaoagiza GPS ya gari kutoka Ulaya au Marekani, au kuletewa na ndugu aliyeko huko. TomTom na Garmin hutengeneza vifaa vizuri vya gari, lakini ramani kamili inayokuja navyo ni ya soko vilikouzwa. Afrika Mashariki mara nyingi huonekana kama mchoro wa barabara kuu chache. Kabla ya kulipa, uliza ramani ya Tanzania au Kenya inapatikana kwa kifaa hicho, kwa bei gani, na husasishwa mara ngapi.

Kwenye lami zetu simu imeshinda, tena kwa haki. Inajua foleni ya Kimara dakika hii. Inaweza kukupimia kama upite Kibaha na Chalinze au uzungukie Bagamoyo hadi Msata. Zaidi ya yote, inalijua neno tunalolitumia kutafutana: lokesheni. Mtu wa Dar hakupi namba ya nyumba, anakutumia lokesheni kwa WhatsApp. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, mitaa ikapata majina, nyumba zikapata namba, na programu ya NaPA ikatengenezwa ili anwani hizo zitafutike. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Walichochora kiliingia OpenStreetMap, ramani ya wote inayotumiwa bure na programu kama Organic Maps na OsmAnd. Ndiyo maana vichochoro vya Tandale vinaweza kuonekana vizuri humo kuliko ungetarajia.

Udhaifu wa simu barabarani ni wa kawaida na una dawa. Jua la mchana likipiga kioo cha mbele, simu iliyobandikwa pale inachemka, inakataa kuchaji, kisha inajizima. Ishushe karibu na tundu la kiyoyozi. Bando likikata Mombo, ramani ambayo hukuipakua inabaki viraka vya kijivu; pakua nchi nzima kabla ya kuondoka nyumbani. Waya wa chaji wa bei ya chee unashindwa na ramani iliyowashwa saa kumi mfululizo. Nunua mzuri, na uwe na wa pili. Usiruhusu pia kifaa kikufanye usahau vibao. Ramani haitakulipia faini ya kupita kijijini kwa mwendo wa 80 mahali palipoandikwa 50, na askari mwenye tochi hajali simu yako ilisema nini.

Nani basi anahitaji kifaa maalumu cha gari? Dereva anayekaa barabarani miezi mingi akivuka mipaka, mwenye pikipiki kubwa anayehitaji kioo kisichoogopa mvua na mtikisiko, na yule asiyetaka simu ya biashara ilie katikati ya kona za Kitonga huku ikimwonyesha njia. Wengine wote wahifadhi fedha zao. Kwenye lami, kifaa kikizimika, unapoteza nusu saa na pengine heshima kidogo mbele ya shemeji.

Vumbi: Mto wa Mbu hadi Engaresero

Ukishaiacha lami ya Mto wa Mbu na kuelekea Selela na Engaruka, maana ya neno barabara inabadilika. Mjini barabara ni mstari. Huku ni nia ya watu wengi kuelekea upande mmoja. Gari la kwanza lilipita hapa, mvua ikachimba korongo, la pili likazunguka kushoto, la tatu likaona majivu laini ya volkano likakwepa kulia. Baada ya misimu michache kuna njia sita sambamba, na ramani imechora moja, pengine ile iliyokufa.

Hapa programu iliyozoea mji huanza kukosea kwa njia mbili. Inapenda ufupi, kwa hiyo inaweza kukupeleka kwenye njia ya ng'ombe kwa sababu inaokoa kilomita nane. Na inakisia muda kwa urefu, wakati muda wa porini hupangwa na mawe, mchanga na msimu. Mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaopitika kwa starehe mwezi wa tisa, masika humeza gari la fowili mpaka ekseli. Hakuna setilaiti inayoujua udongo.

Kwa hiyo ramani ya vumbi inapaswa kuwa imetengenezwa na watu waliopita. Tracks4Africa, ya Afrika Kusini, imejengwa hivyo: wasafiri hurekodi njia zao, rekodi hukusanywa, na ramani hutoa muda uliotokana na mwendo halisi wa magari. Inapatikana kwa vifaa vya Garmin na kama programu ya simu. OpenStreetMap nayo ina njia nyingi za porini, na zipo ramani zake za bure zilizoandaliwa kwa ajili ya vifaa vya Garmin. Msafiri makini hubeba zote mbili na kulinganisha. Zikikubaliana, endelea. Zikitofautiana, huo ndio wakati wa kusimama chini ya mgunga na kumuuliza mchungaji lile korongo la mbele lina maji au halina.

Lakini kazi kubwa ya GPS porini ni kukukumbusha ulikotoka. Washa kurekodi tangu unapoacha lami. Kila mita uliyopita inabaki kama uzi, na njia mbele ikikataa, unageuza gari na kuufuata uzi nyuma hadi mahali unapopajua. Kifaa kisichorekodi vizuri kioo kikiwa kimezimwa hakifai vumbi, hata kiwe na ramani nzuri namna gani. Hapa simu nyingi za Android huanguka: mfumo wake, kwa kutaka kuokoa betri, huiua programu inayorekodi kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio, iondoe programu hiyo katika orodha ya zinazobanwa, kisha ijaribu siku nzima ukiwa bado mjini.

Umeme si tatizo kubwa, maana gari linazalisha. Maadui ni mtikisiko, vumbi na mwanga. Barabara iliyojikunja kama bati hulegeza kishikio chochote cha plastiki baada ya saa mbili, na tundu la kuchajia lililojaa vumbi hukataa waya. Kwa matumizi haya kishikwambi chenye skrini kubwa na kishikio cha kufungwa kwa skrubu ni chaguo zuri na la bei nafuu. Anayetaka kifaa kimoja cha kutoka garini na kuingia mfukoni atazame aina ya Garmin Montana 700: kioo cha inchi 5, mwili usioogopa maji, na betri inayotosha kushuka nacho kwa miguu. Ni kizito na ghali, lakini ndicho kinachokaribia zaidi ndoto ya kifaa kimoja kwa kazi zote.

Makosa mengine hayatibiwi na kifaa cha bei yoyote. La kwanza ni kuandika vibaya majiranukta, yaani zile namba za latitudo na longitudo. Dodoma iko karibu na latitudo 6.17 kusini na longitudo 35.74 mashariki. Sahau alama ya kutoa inayomaanisha kusini, na kifaa kitakupeleka kusini-magharibi mwa Ethiopia bila kusita. Mtu akikuandikia digrii 6 na dakika 30 nawe ukaingiza 6.30, umekosea kilomita 22, kwa sababu digrii ina dakika 60: dakika 30 ni nusu, yaani 6.50. Kabla ya safari mkubaliane mfumo mmoja wa kuandika, na kila namba mpya itazamwe kwanza kwenye ramani kama imetua mahali penye akili.

La pili linawahusu wapenzi wa ramani za karatasi. Ramani rasmi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda za kipimo cha 1:50,000 zimejengwa juu ya kipimio cha dunia kiitwacho Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Ukisoma namba kwenye karatasi na kuziingiza kifaani bila kubadili mpangilio, utakuwa umesogea karibu mita 300, hasa kwa kaskazini na kusini. Kwenye tambarare ni kichekesho. Kando ya korongo ni jambo jingine. Vifaa vya mkononi vya wapanda milima huruhusu kuchagua Arc 1960. Programu nyingi za simu haziruhusu.

Mwisho, kumbuka kwamba njia kuonekana kifaani si kibali cha kuipita. Katika hifadhi kama Serengeti, kuacha njia zilizowekwa ni kosa. Mstari aliourekodi mtu aliyevunja sheria unaweza kukuvunjisha na wewe.

Mlima: Ol Doinyo Lengai usiku

Wapandaji wa Lengai huanza karibu na usiku wa manane ili wawe juu jua linapochomoza na washuke kabla halijawachoma. Mteremko ni mkali, wa majivu magumu na kokoto zinazoporomoka. Gari limebaki chini pamoja na umeme wake wote. Kuanzia hapa kila kifaa kinaishi kwa betri kilichonayo, na gramu zake unazibeba mwenyewe.

Huku ndiko kifaa cha mkononi chenye vitufe kinapojipatia heshima iliyopotea mjini. Garmin eTrex 22x, iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 200 za Marekani, ina kioo kidogo cha inchi 2.2 ambacho mtumiaji wa simu atakicheka. Lakini kioo hicho husomeka vizuri zaidi jua likikipiga, vitufe vyake hubonyezwa kwa glovu, na kifaa hukaa saa 25 kwa betri mbili za AA. Zikiisha unaweka nyingine kwa sekunde ishirini, na betri za AA zinauzwa hadi kwenye duka la Engaresero lenye sukari na viberiti. Ndugu yake 32x huongeza dira na kipimahewa.

Simu mlimani si adui, ina tabia zake tu. Ikiwa katika hali ya ndegeni, ramani imepakuliwa na kioo kimezimwa, inaweza kurekodi siku nzima. Tatizo ni baridi. Lengai si mlima wa barafu, lakini ukiuzoea ukaenda Kilimanjaro, usiku wa kileleni joto hushuka chini ya sifuri kwa mbali, na betri ya simu iliyoonyesha asilimia 40 inaweza kuzimika ghafla. Ifiche ndani ya koti karibu na mwili pamoja na pawabenki. Kwa vifaa vya AA, betri za lithiamu zisizochajiwa huvumilia baridi kuliko zile za kawaida za alkalini, na ni nyepesi zaidi. Usiitegemee Google Maps: ikiwa nje ya mtandao hutoa maelekezo ya gari, haitoi ya mtembea kwa miguu. Organic Maps na OsmAnd hutoa, tena zikionyesha vijia vya mlimani.

Saa za mkononi zenye GPS zimewapendeza wakimbiaji, nao wanaomba ushauri kama zinatosha. Kwa kurekodi, ndiyo. Kwa kusoma ramani gizani pumzi ikiwa imekata, kioo cha ukubwa wa sarafu ni kidogo mno. Ichukulie kama msaidizi.

Usidanganyike pia na kimo. GPS hukosea zaidi kwa kwenda juu kuliko kwa pembeni, kwa sababu setilaiti zote unazozisikia ziko upande wa juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu. Kipimahewa husaidia, mradi ukiweke sawa mahali ambapo kimo chake kinajulikana, maana hali ya hewa ikibadilika nacho hubadilika. Hata wataalamu wenye vifaa vya upimaji hawakutua kwenye namba moja: kimo cha Kilimanjaro tulichofundishwa shuleni ni mita 5,895, upimaji wa GPS wa mwaka 1999 ukatoa 5,892, na ule wa 2008 ukatoa 5,891. Ukifika kilele cha Uhuru na kifaa chako kikasema 5,880, furahia tu picha.

Na mita chache zina uzito tofauti hapa. Kwenye lami kosa la mita kumi halikutoi barabarani. Kwenye ukingo wa kreta ya Lengai, mita kumi ni tofauti ya kusimama na kuanguka. Hakuna GPS ya mkononi inayoweza kukuambia uweke mguu wapi. Kazi hiyo ni ya mwongozaji wa Kimaasai anayeujua mlima kwa nyayo. Kilimanjaro hairuhusiwi kupandwa bila mwongozaji aliyesajiliwa, na Meru huwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kifaa chako ni shahidi wa pili, wa siku ambayo ukungu umewatenganisha au mwongozaji mwenyewe ameumia.

Siku hiyo, kujua ulipo hakutoshi. Lazima ajue na mwingine. Kilimanjaro imeanza kupata mawasiliano. Mwaka 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kwenye mita 3,720. Sehemu nyingi za porini hazina bahati hiyo. Kwa huko kuna vifaa vya ujumbe wa setilaiti, mfano Garmin inReach Mini 2 yenye uzito wa gramu 100, inayotumia mtandao wa Iridium wa setilaiti 66 unaofika kila kona ya dunia. Kina kitufe cha dharura, hupokea na kutuma ujumbe mfupi, na huwaachia wa nyumbani alama za ulikopita. Baadhi ya vifaa vya ramani, kama Montana 700i na GPSMAP 67i, vina uwezo huo ndani yake. Angalia mambo mawili kabla ya kununua: ada ya huduma, ambayo huweza kuendelea kukatwa hata kifaa kikiwa kabatini, na sheria za kila nchi utakayovuka, kwa kuwa zipo zinazokataza vifaa vya setilaiti. Kuhusu simu zenye huduma ya dharura ya setilaiti, hakikisha kwanza nchi yako imo kwenye orodha ya zinazohudumiwa.

Mfuko unasemaje

Kwa anayeishia lami, jibu ni simu aliyonayo, kishikio imara, waya mzuri na ramani ya nchi nzima iliyopakuliwa. Kwa anayeingia vumbini mara mbili tatu kwa mwaka, aongeze kishikwambi au simu ya pili ya mtumba yenye OsmAnd na Tracks4Africa, ikae garini siku zote, na ya kwanza ibaki akiba. Vifaa viwili vya bei ya kati ni salama kuliko kimoja cha bei mbaya, maana havitazimika vyote saa moja. Kwa anayepanda milima, kifaa cha vitufe kinachokula AA ndicho cha kwanza kununuliwa, na kama huenda mahali pasipo mtandao, kifaa cha ujumbe wa setilaiti kije kabla ya ramani ya rangi nzuri. Anayefanya yote matatu na ana uwezo atazame Montana, akijua bado atahitaji simu kwa ajili ya foleni za mjini.

Chochote utakachonunua, usikifungue kwa mara ya kwanza Engaresero. Kitumie wiki nzima kwenye njia unayoijua kwa macho: nyumbani, sokoni, kazini. Weka alama nyumbani kwako, zunguka mitaa, kisha kiambie kikurudishe kwa njia uliyopita. Kizime makusudi katikati uone kama rekodi imebaki. Mfundishe na mwenzako, kwa sababu kifaa kinachojulikana na mtu mmoja tu hufa pamoja na usingizi wake.

Tukirudi Kariakoo, yule muuzaji hakuwa mjinga. Tulianza kwa kumwona amechanganya mambo mawili: GPS inayokuambia ulipo na ile inayomwambia mwingine. Lami haimdai mtu ile ya pili. Vumbi linaanza kuidai, angalau ujumbe kwa mtu wa nyumbani: tumeacha Mto wa Mbu saa nne, tusipopiga simu hadi kesho mchana, anza kuuliza. Juu ya Lengai saa tisa usiku, mwenzako ameteguka kifundo, ramani yako inajua kila kitu na haiwezi kumbeba. Unachohitaji wakati huo ni kitu kilekile alichokutajia muuzaji: mtu aliyekaa mahali, akiangalia kioo, anayeona umelala wapi.